Moto wa Agosti Chini ya Kabati

Bonghwa, 11 Machi 1993

Shangazi yangu,

Huku theluji ya paani imeanza kuyeyuka, inadondoka usiku kucha mpaka mtu anakosa usingizi. Sote wazima. Gi-cheol yuko kwenye mitufaha tangu alfajiri akikata matawi, na akirudi mikono imekwaruzwa yote. Mama mkwe mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeona jeneza lake limeletwa. Na wewe je? Wateja wapo saluni? Goti linaendeleaje? Usinidanganye habari ya goti.

Salamu zimekwisha, sasa nina jambo, na naona haya kulisema. Ni kabati.

Lile kabati jeupe ulilonipa nilipoolewa, linalojaza ukuta mzima, limeharibika. Chini limevimba, ile ngozi nyeupe ya juu imebanduka pembeni, na ukichungulia ndani unaona vipande vya mbao vimeachana kama wali uliolala. Milango miwili inakwaruza. Na lina harufu kali ya gundi, nguo zote zinanuka.

Siku ya harusi lilipoteremshwa kwenye lori, mama mkwe alisema kitu kikubwa namna hiyo kutoka kwa watu wa bibi harusi hakiwezi kuwekwa upande wa baridi kama gunia la viazi. Akaamuru liwekwe upande wa jiko, pale moto wa jiko unapoanza kupita chini ya sakafu, mahali anapoketishwa mgeni mzee. Sisi wenyewe tukalala upande wa baridi. Tangu Novemba jiko limekuwa likiwaka chini yake kila siku.

Juzi jirani alikuja kuazima ungo, mama mkwe akamwita aje aone. “Tazama,” akamwambia, “nimeona unga ukiumuka, nimeona jipu likiumuka, mbao sijapata kuona. Watu wa mjini wamemleta binti yao na kabati la pumba.” Nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la kabichi ya kimchi mikononi. Shangazi, hapa kijijini mkwe hupimwa kwa alichokuja nacho. Kabati likiitwa la pumba, na mimi ni wa pumba. Nifanye nini? Usipige simu, simu iko chumbani kwake.

Jeong-im wako


Incheon, 20 Machi 1993

Mwanangu Jeong-im,

Goti liko palepale lilipokuwa, kwenye mguu. Usiliulize tena. Upepo wa bandarini bado unauma. Wateja wapo, maana majira ya harusi yanakaribia na kila mama wa bwana harusi anataka kichwa chenye mawimbi. Kaburi la baba yako nilikwenda kulifagia, nikamwambia hujambo. Kumbe nilimdanganya.

Pumba! Neno hilo nililisoma nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nusura nimchome sikio. Nikawa nasema peke yangu, “Pumba? Pumba?” mpaka yule mama akauliza kama nywele zake ndizo zimekuwa pumba. Nikamweleza. Saluni nzima ikachemka. Mmoja akasema wakwe wa milimani wanakula viazi wanatema misumari. Mwingine akasema mimi ndiye mjinga, rahisi ni ghali, ningenunua la mbao nzima. Huyo nimemwosha kwa maji ya baridi.

Kisha nikavua aproni nikaenda dukani. Kijana aliyeniuzia alikuwa amekaa juu ya kitanda cha maonyesho anakula tambi.

“Kijana,” nikamwambia, “uliniambia hili ni kabati la maisha.”

“Ndiyo, mama. Limekuwaje?”

“Limevimba miguu kama bibi yangu.”

“Mmeliweka wapi?”

“Chumbani. Ulitaka tuliweke kanisani?”

“Chumbani upande gani?”

“Upande wa jiko.”

Akaweka tambi chini, akashika kichwa. “Mama, mmelikaanga!”

Nilimpigia kelele mpaka wapita njia wakasimama. Kwa nini hakusema? Nchi hii tunalala juu ya moto tangu enzi za mababu, halafu wewe unauza kabati lisiloweza kusimama juu ya sakafu! Akasema hakuna aliyemwuliza. Akasema watu wote wa mjini wanaliweka upande wa baridi bila kuambiwa. Hapo nikajua ni kweli, lakini sikumwonyesha.

Basi nisikilize. Hiyo ni chipbodi, vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kuvalishwa ngozi ya plastiki. Moto ukiipiga kutoka chini inakauka upande mmoja, upande mwingine unakunywa mvuke wa chumbani, gundi inalegea, ngozi inabanduka. Lihamishe upande wa baridi leo hii. Usilibandike ukutani, acha nafasi ya kiganja ili hewa ipite nyuma. Chini yake weka matofali na ubao, lisiguse sakafu kabisa. Kule lilikobanduka, paka gundi ya mbao, weka kitambaa, pitisha pasi ya vuguvugu. Vuguvugu, Jeong-im, si ile unayopigia kola za Gi-cheol. Kisha sugua nta ya mshumaa kwenye kingo zote zilizokatwa, mvuke usipate pa kuingilia. Birika na jungu la wali visikae karibu nalo, wala jiko la mafuta taa. Na pazia lifungwe jua la mchana likilipiga.

Na huyo mama mkwe wako mwambie hivi, au usimwambie, lakini ujue mimi nimesema: samani si mzee. Kabati halina mifupa inayouma. Heshima yake ni kuliacha lipoe. Amelipika miezi mitano halafu anauliza kwa nini limeiva!

Shangazi yako, Mal-lye


Bonghwa, 16 Mei 1993

Shangazi yangu,

Mitufaha imemaliza kuchanua, kijiji kizima kiko juu ya ngazi kinapunguza vitunda. Gi-cheol ameungua shingo na jua. Mama mkwe amepata dawa ya kubandika mgongoni, chumba chake kinanuka kama duka la dawa, anasema haimsaidii na anataka nyingine.

Tulilihamisha. Gi-cheol na binamu zake wawili, kwa kelele kama wanahamisha ng'ombe. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono nyuma. “Kwa hiyo sasa kitu cha harusi kinakaa kwenye baridi juu ya matofali,” akasema, “kama kuku.” Nikamwambia ndivyo duka lilivyosema. Akasema duka lije limfundishe na kupika wali. Lakini kesho yake nilimkuta amepiga magoti anasugua mshumaa kwenye kingo za chini, kule nisikofikia vizuri. Aliponiona akasema anautafuta ungo wake.

Kabati limetulia. Milango inafungwa. Harufu tu ndiyo haijatoka, ikipata joto la mchana inanipanda kichwani na kunitapisha. Una dawa ya harufu?

Shangazi, ulisema utakuja mwezi wa sita. Naomba usije. Tutakuwa na kazi nyingi, na goti lako halitaki mabasi ya milimani. Tuonane sikukuu ya mavuno.

Jeong-im


Incheon, 2 Juni 1993

Mwanangu,

Huku sote hatujambo, yaani mimi na paka. Nimebadilisha kioo kikubwa cha saluni, sasa naona mvi zangu zote bila kuzitafuta.

Nisije? Nimekulea tangu ukiwa na urefu wa kandambili, nimekutafunia ngisi mkavu ulipokuwa huna meno, leo unaniandikia nisije kama unamwandikia mkusanya kodi. Sawa. Sitakuja. Lakini nimeudhika, na nataka ujue kwamba nimeudhika. Kama ni yule bibi ndiye hataki kuniona, sema. Sura yangu haimung'unyi mtu.

Harufu ni ya gundi. Fungua milango yote ya kabati asubuhi na madirisha pia, acha upepo upite mpaka mchana. Weka mkaa kwenye vikapu ndani, kila kona. Ule uvundo hutoka taratibu, na joto ndilo linaloutoa, kwa hiyo usiruhusu mtu awashe jiko la chumba hicho mpaka majira ya baridi. Na wewe usilale humo ikikutapisha. Lala sebuleni. Mtu hatapiki kwa ajili ya kabati.

Shangazi yako


Incheon, 22 Agosti 1993

Jeong-im,

Mimi mzima. Joto la huku linayeyusha lami. Hayo ndiyo mambo ya huku.

Sasa ya huko. Nimekuandikia Juni, nimekuandikia Julai, hujajibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo jana nilivunja amri yako nikapiga simu. Haya ndiyo niliyoyapata, nakuandikia neno kwa neno, kwa sababu sijui kama uliambiwa.

“Mama Gi-cheol, hujambo? Mimi shangazi yake Jeong-im. Naomba nizungumze naye.”

“Amelala.”

“Saa nne asubuhi?”

“Amelala. Anakula vizuri.”

“Anaumwa?”

“Kuni zangu zinaungua. Kwaheri.” Akakata.

Kuni zinaungua! Mwezi wa Agosti, mtu anakata simu kwa sababu kuni zinaungua! Hata uongo una adabu zake, mtu huutafutia unaofanana na majira. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe. Mistari miwili inatosha.

Shangazi


Bonghwa, 30 Agosti 1993

Shangazi,

Samahani kwa kimya. Matufaha yameanza kuwa mekundu upande wa jua. Gi-cheol mzima. Mama mkwe mzima.

Kabati limekwisha. Mlango wa kati umepinda, haufungi tena, na chini kumepasuka mpaka kwenye bawaba. Rafu zimelegea zote. Nguo zangu nimeziweka kwenye sanduku. Jiko la chumba chetu liliwashwa wiki tatu mfululizo na lilikuwa na moto mkali. Sikuweza kulizuia.

Tafadhali usiniulize zaidi, na usije kwanza.

Jeong-im


Incheon, 5 Septemba 1993

Jeong-im,

Sikuamkii wala sikuulizi hali, maana hali yako nimeshaijua.

Wiki tatu! Agosti! Mbwa wa huku walikuwa wanalala juu ya barafu ya wauza samaki, na yule mwanamke anawasha jiko chini ya kabati lako! Niliwasomea wateja barua yako, na Mungu anisamehe kwa kuisoma hadharani, lakini nilihitaji mtu aniambie kwamba sijapata wazimu. Hakuna aliyesema nimepata wazimu. Mke wa muuza kamba akasema, “Anakausha mpunga?” Nikamwambia mpunga haujavunwa. “Pilipili basi, mvua imezidi.” Nikamwambia pilipili hukaushwa kwenye chumba cha wazee, si kwenye chumba cha bibi harusi. Kisha yule niliyemwosha kwa maji ya baridi akasema tulilokuwa tunaliwaza wote: “Anataka kabati life ili apate la kusema.”

Ndivyo ilivyo! Mara ya kwanza alikosa kujua, nilimpa udhuru huo. Sasa anajua. Umemweleza joto linafanya nini, ameona kwa macho yake, halafu ameingia msituni akakata kuni akaja kuzichoma chini ya heshima yako. Anateketeza mali yako makusudi, ili majirani waseme kweli binti wa Incheon alikuja na pumba. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimeziingia nguo kabatini kabisa. Na mumeo alikuwa wapi? Juu ya ngazi?

Nimeshazungumza na mtu mwenye lori. Baada ya sikukuu ya mavuno nitakuja. Nitalipakia kabati na milango yake iliyopinda, nitakupakia na wewe, na kabla ya kuondoka nitasimama katikati ya uwanja wa yule bibi nimwambie mambo ambayo mlima wote utayasikia. Ulikuwa unaogopa kuitwa wa pumba. Mimi nitamwonyesha pumba inavyopiga kelele.

Usinijibu “usije.” Nakuja.

Pyo Mal-lye


Bonghwa, 12 Septemba 1993

Shangazi,

Leo na mimi sikuamkii. Nimekasirika, na sijawahi kukukasirikia maishani mwangu, kwa hiyo nivumilie kama sijui namna.

Nilikuwa na mimba. Tangu Januari. Ile harufu niliyokuandikia mwezi wa tano haikuwa gundi peke yake. Sikukwambia kwa sababu mama yangu alikufa siku aliyonizaa, wewe ndiye uliyenipokea mikononi ukiwa msichana mdogo, na tangu hapo ukisikia habari ya uzazi unabadilika rangi. Nilitaka nikuandikie mtoto akiwa ameshalia. Ndiyo maana nilikuzuia usije. Tumbo lilikuwa linaonekana.

Mwanzoni mwa Agosti aliacha kucheza. Gi-cheol akanipeleka hospitali ya Yeongju kwa lori la matufaha. Alizaliwa amekufa, Shangazi. Msichana. Alikuwa na nywele nyingi sana.

Nilirudi mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa nawaza maneno nitakayopokelewa nayo, maana kama kabati lilikuwa la pumba, tumbo je? Niliingia chumbani nikajilaza upande wa baridi, karibu na kabati, nikageukia ukuta. Nje nikasikia shoka. Halafu sakafu ikaanza kupata joto. Mama mkwe akaingia, hakusema pole, akashika godoro nikiwa juu yake akalivuta mpaka upande wa jiko. Na ule mgongo wake.

“Umejifungua,” akasema. “Aliyejifungua halali penye baridi.”

“Mama, hakuna mtoto,” nikamwambia.

“Nimekuuliza habari ya mtoto? Mifupa yako imefunguka. Lala.”

Akanivalisha soksi na nguo ya mikono mirefu, upepo usinipate. Akaleta supu ya mwani. Kila siku bakuli tatu, wiki tatu kamili, kama anayenyonyesha. Langoni akatundika kamba ya majani ya mpunga kuzuia wageni, kama watu wa zamani mtoto anapozaliwa. Bila pilipili za mvulana, bila mkaa wa msichana, kamba tupu. Watu wakasimama nje wakauliza, “Mama Gi-cheol, kamba yako haisemi kitu, amezaliwa nani?” Nilimsikia akijibu, “Haiwahusu aliyezaliwa. Aliyezaa yumo ndani, na amelala. Nendeni.” Mke wa mkuu wa ukoo akaja akasema ni mkosi, supu ya mwani ni ya nyumba yenye mtoto. Mama mkwe alimtoa uani kwa upawa wa kuchotea maji. Nasikia hawajasemezana mpaka leo.

Shangazi, ilikuwa Agosti. Kijiji kizima kililala nje. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya mdomo wa jiko usiku na mchana akisukuma kuni, uso mwekundu, nguo imeganda mgongoni. Siku uliyopiga simu kweli kuni zilikuwa zinaungua. Mimi ndiye niliyemwomba asikwambie. Hajui kudanganya, ndiyo maana alikata.

Kabati nililisikia likipasuka. Sikusema neno. Niliogopa nikisema atapunguza moto, na ule moto ndio kitu pekee kilichokuwa kinaniambia kwamba nilizaa kweli, kwamba hakuwa ndoto. Hospitali waliniambia nenda nyumbani, wewe kijana, utapata mwingine. Ni yeye peke yake aliyenihesabu kuwa mzazi.

Na wewe unaniandikia anateketeza mali yangu ili anidhalilishe. Umewasomea wateja. Umekodi lori. Hayo maneno yafute, Shangazi, popote ulipoyasema, kwa mtu mmoja mmoja. Lori ukilileta litarudi tupu. Siingii.

Jeong-im


Incheon, 8 Oktoba 1993

Mwanangu Jeong-im,

Nimefika salama. Gari moshi lilikuwa limejaa watu waliorudi kutoka sikukuu, nimesimama nusu ya njia na goti langu, na yale matufaha mliyonipa nimemgawia askari mmoja aliyenipisha. Paka alikuwa amenuna.

Barua yako ya mwezi uliopita sikuijibu kwa maandishi. Nilijaribu. Nikaona heri nije mwenyewe bila lori, na nilipokuja ulinishika tukalia mpaka hatukusema lolote la maana. Sasa naandika yale yaliyobaki.

Kwanza, wewe sijakusamehe kunificha. Nakupenda na sijakusamehe, vyote viwili. Ulibeba mtoto miezi saba peke yako ili mimi nisibadilike rangi! Nani alikwambia rangi yangu ni ghali kuliko wewe? Uchungu ule nilipaswa kuwepo, hata kama ni kusimama nje ya mlango na kuwapigia kelele manesi. Aliyekwambia nenda nyumbani utapata mwingine, nipe jina lake.

Pili, maneno yangu nimeyafuta. Niliwaita wateja wote waliokuwepo siku ile, nikawaambia nilisema uongo juu ya mwanamke mwenye haki. Mke wa muuza kamba alilia na rola kichwani. Yule wa maji ya baridi akasema, “Sasa mimi nilisema nini?” Nikamwambia ulisema anataka kabati life. Akasema hakumbuki. Nimemkumbusha mbele ya watu.

Tatu ni jambo ambalo hukuwepo. Siku ile ya pili, wewe na Gi-cheol mlipokuwa shambani, mimi na mama mkwe wako tulikaa jikoni tunamenya matunda ya persimoni ya kukausha. Tangu kwenye gari moshi nilikuwa nimepanga hotuba ya kumwomba radhi, ndefu, yenye adabu zote za wakwe. Nilikuwa nameza mate nianze. Akanitangulia, bila kuinua macho kwenye kisu.

“Shangazi, nimeliharibu kabati lenu.”

“Kabati si kitu, Mama Gi-cheol.”

“Ni kitu. Mlilinunua kwa jasho. Nililiita pumba, kisha nikaliharibu kweli.” Akamenya nyingine. “Nililisikia. Siku ya tatu tu, niko hapa mbele ya jiko, nikasikia kwaa. Nikajua ni lenyewe. Nikaingia nikaongeza tofali chini, alipokuwa amesinzia. Halikusaidia. Basi nikawa naomba yeye asilisikie, maana angelisikia angeniambia nizime moto.”

“Ukafanyaje?”

“Nikaongeza kuni.”

Jeong-im, mlikuwa wawili ndani ya nyumba moja, mmoja juu ya sakafu na mwingine chini yake, mnalisikia kabati lilelile, na kila mmoja anamficha mwenzake ili moto usizimwe. Na mimi niko Incheon natafuta lori.

Hotuba yangu yote ilipotea. Hasira tu ndiyo iliyobaki, unanijua, na haikuwa na mtu wa kumwendea. Nikaushika mkono wake ule wenye alama za moto mpaka kwenye kiwiko, nikamfokea kama ninavyokufokea wewe. “Mama Gi-cheol! Kuni zingekwisha ungelivunja hilo kabati ukalitia jikoni lote!”

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae.

“Wiki ya pili kuni zililowa mvua,” akasema. “Nilishachukua shoka.”

Shangazi yako, Mal-lye